Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Zuhura: Hewa, Uso na Mwendo Wake

Sayari ya Zuhura ikianza kung'aa jioni, maswali huja kwa wingi, na mengi ni yaleyale. Yamekusanywa hapa kuanzia mepesi hadi ya pembeni kabisa. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Kuitambua angani

1. Ile nyota kali inayoonekana magharibi jua likishatua, ni Zuhura?

Mara nyingi ndiyo. Kama ni nyeupe, inashinda kila kitu angani isipokuwa jua na mwezi, na haimetimeti kama nyota, basi ni Zuhura, ambayo wengine huiita Ng'andu. Ikiwa chini sana karibu na upeo inaweza kucheza na kubadilika rangi, lakini hiyo ni kazi ya hewa yetu wenyewe.

Kipimo kizuri ni saa. Zuhura haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo kwa mtu aliye Afrika Mashariki ikifika saa nne na nusu usiku huwa imeshazama. Ukiona kitu kikali utosini saa sita usiku, hicho si Zuhura. Huenda ni Mshtarii. Na kwa wanaouliza kama ni droni au ndege iliyosimama: ndege huhama ndani ya dakika chache, Zuhura hushuka taratibu pamoja na nyota zilizo jirani nayo.

2. Nyota ya jioni na nyota ya alfajiri ni mbili au ni moja?

Ni moja. Huonekana jioni kwa takriban miezi tisa, hupotea siku chache ikipita kati yetu na jua, kisha hutokea alfajiri upande wa mashariki kwa miezi mingine tisa hivi. Baada ya hapo huzunguka nyuma ya jua na kufichika kwa wiki kadhaa. Mzunguko mzima wa kuonekana kwake ni siku 584.

Mizunguko mitano ya namna hiyo inakaribia sana kuwa miaka 8 kamili, ndiyo maana Zuhura hurudia ratiba yake. Ilipita kati ya Dunia na jua tarehe 26 Oktoba 2018. Mwaka 2026 inapita tena tarehe 24 Oktoba. Ukiandika leo umeiona wapi na saa ngapi, baada ya miaka 8 utaikuta karibu palepale, tofauti ikiwa siku mbili hivi.

3. Mbona kwenye darubini inaonekana kama hilali?

Kwa sababu njia yake iko ndani ya njia yetu kuzunguka jua. Ikiwa upande wa mbali, tunaona karibu uso wote uliomulikwa, lakini ni mdogo. Ikitukaribia, sehemu kubwa ya upande wenye mwanga inatupa kisogo, nasi tunabaki na hilali kubwa na nyembamba. Cha ajabu ni kwamba hung'aa zaidi ikiwa hilali, kwa kuwa ukaribu unashinda upungufu wa umbo.

Galileo aliyaona mabadiliko hayo mwaka 1610, na yalikuwa ushahidi mzito kwamba Zuhura huzunguka jua. Darubini ndogo ya macho mawili, ikishikwa kwa utulivu, hutosha kuona hilali hiyo. Subiri jua lizame kabisa kwanza. Kulipitishia jua darubini hata kwa nukta moja kunapofua.

4. Ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na Dunia?

Ndiyo, kama unauliza ni ipi hutukaribia zaidi. Zuhura hufika hadi kilomita milioni 40 hivi, ilhali Mirihi haifiki chini ya milioni 54. Lakini ukipiga wastani wa umbali kwa miaka mingi, mshindi ni Utaridi, kwa sababu haiendi mbali na jua, wakati Zuhura hutumia muda mwingi ikiwa upande wa pili.

## Hewa

5. Utaridi ndiyo jirani wa jua. Kwa nini Zuhura ndiyo yenye joto kuishinda?

Hewa. Majibu mengi ya ukurasa huu yataishia hapo, kwa hiyo hili tulieleze vizuri.

Uso wa Zuhura una joto la nyuzi 465 hivi za Selsiasi, mchana na usiku, kwenye ikweta na kwenye ncha. Risasi na zinki huyeyuka katika joto hilo. Sufuria ya alumini isingeyeyuka, ila ungekula nini ndani yake ni habari nyingine. Utaridi hufika nyuzi 430 mchana, lakini haina hewa ya kulitunza joto, na usiku hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri.

Wengi hudhani Zuhura ina joto kwa sababu tu iko karibu na jua, kilomita milioni 108 dhidi ya milioni 150 za kwetu. Ni kweli hupokea mwanga karibu mara mbili ya Dunia. Lakini mawingu yake hurudisha angani takriban robo tatu ya mwanga huo, na kinachofyonzwa huwa ni kidogo kuliko kile Dunia inachofyonza. Kama hesabu ingekuwa ya jua peke yake, Zuhura ingekuwa sayari ya baridi.

Kinachoibadilisha hesabu ni kwamba asilimia 96.5 ya hewa yake ni kaboni dioksidi. Karibu yote iliyobaki ni nitrojeni. Mwanga kidogo unaopenya mawingu huipasha ardhi moto, nayo ardhi hutoa joto kwa mnururisho usioonekana kwa macho. Kaboni dioksidi huunasa mnururisho huo na kuurudisha chini sehemu kubwa. Ardhi haina budi kuzidi kupata moto mpaka joto linalofanikiwa kutoroka juu lilingane na lile linaloingia, na kwa hewa nzito kiasi hicho ulinganifu unapatikana kwenye nyuzi 465.

6. Kaboni dioksidi yote hiyo ilitoka wapi? Mbona Dunia haina?

Dunia inayo, na kwa kiasi kinachokaribiana. Tofauti ni kwamba ya kwetu imefungwa ndani ya mawe. Maji ya mvua na bahari huiyeyusha gesi hiyo, viumbe wa baharini huijengea magamba na matumbawe, na baada ya mamilioni ya miaka inakuwa mwamba wa chokaa. Kuta za nyumba za kale za Lamu na Unguja zimejengwa kwa kaboni dioksidi iliyofungwa namna hiyo, na anayechoma mawe ya matumbawe kwenye tanuu ili apate chokaa anairudisha hewani.

Zuhura ilikosa maji ya kuifanya kazi hiyo. Inaonekana iliwahi kuwa nayo: vipimo vya chombo cha Marekani cha Pioneer Venus, mwaka 1978, vilionyesha kwamba haidrojeni nzito kwenye hewa yake, ikilinganishwa na ile ya kawaida, ni zaidi ya mara 100 ya uwiano wa Dunia. Haidrojeni nyepesi hutoroka angani kwa urahisi, ile nzito hubaki nyuma, na masalio ya namna hiyo ni dalili ya maji mengi yaliyopotea. Kama maji hayo yaliwahi kukaa chini kama bahari, au yalikuwa mvuke tangu mwanzo, watafiti bado wanabishana.

7. Mawingu yake ni ya nini? Kuna mvua?

Ni matone ya asidi ya salfuriki, maji makali yale yale ya betri ya gari, ila yamekolea zaidi. Yanafunika sayari nzima bila tundu, kuanzia kilomita 48 hadi 70 hivi kutoka ardhini. Matone huanguka, lakini hukutana na joto na kukauka kabla hayajakaribia ardhi. Kwa hiyo mvua ipo, ila haijawahi kulowesha jiwe.

8. Nikisimama pale, hewa ingenifanya nini?

Mgandamizo wa hewa juu ya uso wa Zuhura ni takriban mara 92 ya ule wa usawa wa bahari hapa kwetu, sawa na kuwa mita 900 chini ya maji. Ungepondwa na kuungua kwa pamoja. Hewa yenyewe ina uzito wa kilo 65 hivi kwa kila mita ya ujazo, wakati yetu ni kilo moja na ushee, kwa hiyo inasukuma zaidi kama kimiminika kuliko kama upepo.

9. Ni kweli kuna upepo wa ajabu?

Juu, ndiyo. Mawingu ya juu huenda kwa kilomita 360 kwa saa hivi na kuizunguka sayari yote kwa takriban siku nne, ilhali ardhi iliyo chini yake huchukua siku 243 kujizungusha mara moja. Hewa inayoishinda sayari yake mbio kiasi hicho haina mfano hapa Dunia. Inaelekea joto la jua hutengeneza mawimbi makubwa ya hewa yanayousukuma upepo, lakini maelezo hayajakamilika.

Chini karibu na mawe, vyombo vilipima mwendo wa mita moja tu kwa sekunde au pungufu. Usiudharau, maana hewa ni nzito (swali la 8). Milima nayo huathiri hewa hadi juu kabisa: mwaka 2015 chombo cha Japani, Akatsuki, kiliona wimbi lenye umbo la upinde, urefu wa kilomita 10,000 hivi, likiwa limetulia juu ya nyanda za Aphrodite Terra huku mawingu yakipita kasi. Chombo hicho kilikuwa kimekosa kuingia kwenye njia yake mwaka 2010, kikazunguka jua miaka mitano, na kufanikiwa Desemba 2015. Binafsi naona ni mojawapo ya visa vizuri vya subira katika kazi hii.

## Uso

10. Kama mawingu hayana tundu, tunajuaje uso ukoje?

Kwa rada. Mawimbi ya redio hupenya mawingu, hugonga ardhi na kurudi. Chombo cha Magellan cha Marekani kilifika Agosti 1990 na hadi 1994 kilikuwa kimechora asilimia 98 ya uso.

Tulichokiona ni nchi ya volkeno. Sehemu kubwa ni nyanda za lava iliyoganda, na juu yake zimesimama nyanda mbili kubwa zilizoinuka: Ishtar Terra upande wa kaskazini na Aphrodite Terra karibu na ikweta. Milima ya Maxwell Montes, ndani ya Ishtar, inafika kilomita 11 hivi juu ya wastani wa uso, kuupita Everest. Kuna mfereji uitwao Baltis Vallis, wenye urefu wa kilomita 6,800 hivi, yaani mrefu kidogo kuliko Nile, uliochimbwa na lava.

Kasoko, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, ni 1,000 tu hivi, na ndogo sana hazipo kabisa, kwa sababu vimondo vidogo huishia kwenye hewa. Uchache huo unaonyesha kwamba uso tunaouona una umri mdogo, labda wa miaka milioni 300 hadi 700, kwa sayari yenye umri wa miaka bilioni 4.5.

11. Picha za rangi ya chungwa ni za kweli?

Inategemea ni zipi. Zile za mlima mkubwa wenye lava, zinazozunguka sana mitandaoni, ni ramani za rada za Magellan zilizotiwa rangi, na mara nyingi urefu wa milima umeongezwa makusudi. Picha halisi kutoka ardhini ni chache mno, zote za vyombo vya Kisovieti: Venera 9 na 10 mwaka 1975, kisha Venera 13 na 14 mwaka 1982.

Hata hizo uchungwa wake unatokana na hewa, ambayo huchuja mwanga wa buluu. Ukiyatoa mawe hayo kwenye mwanga wa kawaida yangeonekana ya kijivu.

12. Volkeno zake bado zinalipuka?

Ushahidi umeongezeka. Mwaka 2023 watafiti waliopitia upya picha za Magellan waligundua kwamba tundu moja la volkeno karibu na mlima Maat Mons lilibadilika umbo na kupanuka kati ya Februari na Oktoba 1991. Picha hizo zilikuwa zimekaa kwenye kumbukumbu kwa zaidi ya miaka 30. Kilichobaki ni kujua volkeno hizo hufanya kazi mara ngapi.

13. Nimesikia kuna theluji ya metali. Kweli?

Vilele vya milima hurudisha rada kwa nguvu kuliko mabonde, na maelezo mojawapo ni kwamba michanganyiko ya salfa na risasi au bismuthi hugeuka mvuke mabondeni na kuganda juu palipopoa kidogo. Hakuna aliyechukua sampuli. Ichukulie kama dhana nzuri.

14. Kwa nini majina ya huko karibu yote ni ya wanawake?

Ni utaratibu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia: sehemu za Zuhura hupewa majina ya wanawake wa historia na miungu wa kike. Maat ni mungu wa kike wa Misri ya kale. Juu ya Maxwell Montes kuna kasoko ya Cleopatra. Mwanamume ni mmoja, James Clerk Maxwell, aliyepewa milima yake kabla utaratibu haujawekwa.

## Mwendo

15. Siku ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake?

Inategemea unaita nini siku. Zuhura hulizunguka jua kwa siku 225 za Dunia, na hujizungusha kwenye mhimili wake kwa siku 243. Kwa hesabu hiyo, ndiyo. Lakini kutoka mapambazuko hadi mapambazuko mengine ni siku 117 tu, kwa kuwa hujizungusha kinyume na mwelekeo wa kuzunguka jua, na mienendo hiyo miwili inafupisha kungoja. Mtu wa Zuhura angeishi mchana wa siku 58 na usiku wa siku 58, na mwaka wake ungekuwa na mapambazuko mawili hivi.

Ni mwendo wa polepole kweli. Kwenye ikweta, kulifuata jua lisizame kunahitaji kilomita 13 na nusu hivi kwa saa. Mkimbiaji wa marathoni angeliacha nyuma. Na kasi hiyo si thabiti: vipimo vya rada vimeonyesha urefu wa mzunguko ukibadilika kwa hadi dakika 20 hivi, hewa nzito ikiivuta na kuiachia ardhi.

16. Basi jua huchomoza magharibi?

Ndiyo, kwa sababu ya mzunguko wa kinyume. Lakini usingeliona duara lake. Mawingu huligeuza kuwa mwanga uliotawanyika.

17. Nini kiliigeuza Zuhura hata ikajizungusha kinyume?

Wapo wanaosema iligongwa na kitu kikubwa zamani. Wengine hutaja hewa: jua huivuta na kuipasha, uzito wake husogea, na msuguano na ardhi kwa mabilioni ya miaka unaweza kupunguza mzunguko na hata kuugeuza. Hoja ya pili inanivutia zaidi, kwa kuwa hewa bado inaonekana ikifanya hivyo hadi leo (swali la 15).

18. Ina majira ya mwaka? Ina mwezi?

Majira hapana, mhimili wake umeinama nyuzi 3 tu ukiacha ule ugeuzi, na hewa husambaza joto kila mahali. Mwezi pia hapana. Kuna kiasteroidi kiitwacho Zoozve kinachozunguka jua kikiandamana nayo. Jina lilitokana na mtu aliyesoma vibaya "2002 VE" kwenye bango la watoto, likapitishwa rasmi mwaka 2024.

19. Nilisikia Zuhura hupita mbele ya jua. Lini tena?

Tarehe 10 hadi 11 Desemba 2117, kisha Desemba 2125. Matukio haya huja mawili mawili, kwa tofauti ya miaka 8, halafu hukaa zaidi ya karne. Tarehe 8 Juni 2004 Afrika Mashariki iliona tukio zima, kuanzia saa mbili na robo asubuhi hivi mpaka saa nane na nusu mchana. Tarehe 6 Juni 2012 tuliona mwisho wake tu, jua likichomoza. Kila baada ya siku 584 Zuhura hupita upande wetu wa jua, lakini njia yake imeinama, hivyo mara nyingi hupita juu au chini ya duara.

## Vyombo, uhai na maswali ya pembeni

20. Vyombo vilivyotua vilidumu muda gani?

Anayeshikilia rekodi ni Venera 13, dakika 127, ilhali ilitengenezwa kudumu 32. Venera 7, iliyotua Desemba 1970 na kuwa chombo cha kwanza kutuma habari kutoka juu ya sayari nyingine, ilisikika kwa dakika 23, tena kwa sauti dhaifu iliyogunduliwa baadaye kwenye kanda.

Joto lilikuwa adui, lakini vifuniko vya kamera navyo vilisumbua. Venera 11 na 12 hazikuleta hata picha moja ya ardhi kwa sababu vifuniko vyote viligoma kufunguka. Kwenye Venera 14 vilifunguka, kimoja kikaanguka pale pale ulipokuwa ushuke mkono wa kupima udongo, nao ukapima kifuniko.

21. Kunaweza kuwa na uhai?

Ardhini, hapana. Kwenye kilomita 55 hivi juu, joto ni kama la mchana wa Dar es Salaam na mgandamizo wa hewa ni nusu ya wetu, ndiyo maana wengine huangalia huko. Tatizo ni asidi na ukavu. Septemba 2020 timu moja ilitangaza kuona gesi ya fosfini mawinguni, ambayo hapa Dunia hutokana kwa sehemu na vijidudu. Wengine waliopitia data hizo hawakukubaliana. Hata kama gesi ipo, si lazima uhai uwe umeitoa.

Kuhusu kuishi huko ndani ya maputo: mwaka 1985 vyombo vya Kisovieti vya Vega 1 na 2 viliachia maputo mawili yaliyoelea karibu kilomita 54 juu na kutuma habari kwa takriban siku mbili. Kuelea kunawezekana. Kumweka mtu humo ni kazi nyingine.

22. Dunia inaweza kugeuka kuwa Zuhura kwa uchafuzi wetu?

Kufika nyuzi 465, hapana. Kaboni yetu nyingi imo maweni (swali la 6) na tuna bahari. Lakini fizikia ya swali la 5 ni ileile, na huhitaji kufika Zuhura ndipo mazao yakauke.

23. Chombo cha Zuhura kilichoanguka Bahari ya Hindi kinaweza kufika pwani yetu?

Hicho ni Kosmos 482, kilichorushwa na Wasovieti tarehe 31 Machi 1972. Roketi ilishindwa kukisukuma, kikabaki kuizunguka Dunia miaka 53, kikaanguka tarehe 10 Mei 2025. Shirika la anga za juu la Urusi lilisema kilitua Bahari ya Hindi, magharibi ya Jakarta, mbali mno nasi. Kwa kuwa kilijengwa kustahimili hewa ya Zuhura, wengi walitarajia kifike chini kizima, na chuma kizito cha namna hiyo huzama, hakielei hadi ufukweni.

Ukikuta kifaa kingine chochote cha angani, kama pete ile ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, usikiguse, waite polisi. Kwa mkataba wa anga za juu wa 1967 kinabaki kuwa mali ya waliokirusha, na tangi la mafuta ya roketi linaweza kuwa na sumu.